Kocha aondoke au abaki? Kisa cha klabu moja ya Tabora

Klabu hii ipo Tabora mjini, inacheza ligi ya mkoa, na jina lake naliacha kwa sababu wote waliohusika bado wanakutana njiani kila siku. Msimu uliopita ilimaliza nafasi ya pili. Ilikosa kwa pointi moja ubingwa wa mkoa, ambao ndio tiketi ya kwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Msimu huu, baada ya mechi nane, ilikuwa imeshinda moja, imetoka sare mbili na kufungwa tano. Kocha ni yuleyule. Wachezaji, kwa macho ya mtu anayekuja uwanjani siku ya mechi tu, ni karibu walewale. Kufika katikati ya Februari, ukipita kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Isevya hadi Ng'ambo ulikuta ubishi ni huohuo: mwalimu aondoke au abaki?

Katibu aliniomba nipitie daftari la mechi na niwasilishe maoni kwenye mkutano wa dharura wa wanachama. Nilikubali kwa sababu ni mwanachama, kwa sababu nimefundisha mpira shuleni kwa miaka mingi, na kwa sababu nimechoshwa na namna timu zetu za mitaani zinavyofukuza makocha kwa hukumu inayotolewa kijiweni wakati daftari limefungwa kabatini.

Nianze na waliotaka aondoke, kwa sababu walikuwa wengi na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa.

Kundi lao kubwa lilikuwa vijana wa bodaboda, wanaochanga mafuta ya gari timu inaposafiri na kuifuata hadi Nzega kwa pikipiki zao wenyewe. Mtu anayetumia pesa yake ya siku kuifuata timu akaone inafungwa bao la dakika ya 88 ana haki ya kukasirika, na mimi simwiti mhuni. Walisema mambo matatu. Kwanza, kocha anachelewa kupiga sub: timu inaonekana imekata upepo, yeye amekunja mikono hadi dakika ya 80. Pili, amemweka nje winga wa kushoto, kijana wa miaka 19 ambaye mwaka jana alikuwa anawatesa mabeki wote wa mkoa huu, kwa ugomvi ambao hakuna aliyeelezwa. Tatu, timu inafungwa mabao ya aina moja kila wiki na hakuna kinachobadilika.

Baada ya hapo wakaleta hoja waliyoiona ndiyo ya kufunga mjadala: Tabora United, timu ya mji wetu ya Ligi Kuu.

Hapa Tabora hoja hiyo ina nguvu kuliko mahali pengine popote nchini. Kila mtu anakumbuka msimu wa 2024/25. Ulianza kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Simba, Mkenya Francis Kimanzi akiwa kocha. Novemba 7, 2024, Tabora United ikaenda Chamazi, Dar es Salaam, ikiwa na kocha mwingine, Anicet Kiazayidi kutoka Kongo, ikaifunga Yanga 3-1. Yanga, bingwa mtetezi! Usiku ule mji huu haukulala. Vijana wakauliza, na swali lilikuwa zito: kama timu iliyoanza vibaya vile ilibadilisha kocha na ndani ya wiki chache ikamfunga bingwa, sisi tunasubiri nini?

Niliwajibu kwamba mechi ile ile inafundisha mambo zaidi ya moja. Yanga ilikuja kwenye mechi hiyo siku tano baada ya kufungwa na Azam, na katika mchezo huo wa Azam beki wake wa kati, Ibrahim Bacca, alitolewa kwa kadi nyekundu, kwa hiyo dhidi ya Tabora hakuwepo. Mpinzani aliyepungua ni sehemu ya matokeo, hata kama kuisema kunatupunguzia utamu. Tena Aprili 2025 Yanga hiyohiyo ilikuja hapa Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ikashinda 3-0. Na tazameni upande wa pili wa usiku ule: wiki iliyofuata Yanga nayo iliachana na Miguel Gamondi. Akaja Sead Ramović, naye Februari akaondoka kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Katika msimu mmoja Yanga ilipitia makocha watatu, na ubingwa ukabaki Jangwani, kwa Yanga, kwa sababu kikosi kilikuwa kilekile na mishahara ilikuwa inalipwa. Kwa hiyo ukiniambia Tabora United ilipona kwa kubadilisha kocha, nami nitakuuliza nani aliyekuwa anawalisha wachezaji, nani aliyesajiliwa, nani aliyerudi kutoka majeruhi.

Msimu wa kabla yake, 2023/24, Tabora United hiyohiyo ilikuwa na zaidi ya kocha mmoja, akiwemo Mserbia Goran Kopunović, na ilibaki Ligi Kuu kwa kupitia mechi za mchujo, mioyo mkononi. Huo nao ulikuwa mwaka wa kubadilisha kocha. Anayetoa mfano wa Novemba 2024 autoe na huu.

Kuna mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyelipima jambo hili vizuri kuliko sisi wote. Alichukua ligi ya kwao kuanzia 1986 hadi 2004, akazitafuta timu zilizofukuza kocha baada ya mfululizo wa matokeo mabaya. Kisha akafanya jambo ambalo kijiweni hatulifanyi: akazitafuta pia timu zilizoporomoka vilevile lakini zikabaki na kocha wao, akalinganisha. Waliofukuza hawakufanya vizuri kuliko waliobaki. Zote mbili zilipanda, kwa sababu timu ikishafika chini kabisa ya uwezo wake, njia iliyobaki mara nyingi ni ya kupanda. Kocha mpya anakuja siku hiyo na sifa zote zinakuwa zake.

Kijana mmoja alinijibu hapohapo, "Mwalimu, hao ni Wazungu. Sisi hapa mtu akiona sura mpya benchi anakimbia." Sikumpinga. Ni kweli kuna nguvu ya wiki mbili tatu ambayo sura mpya huleta. Mchezaji aliyekuwa amekata tamaa anaona nafasi, anajituma. Lakini klabu yetu ilikuwa na mechi sita zilizobaki, na nilitaka kujua kama ugonjwa wenyewe ni wa wiki tatu.

Ndipo nikafungua daftari.

Daftari la klabu hii ni zuri kuliko nilivyotarajia. Kocha msaidizi anaandika dakika ya kila bao, limefungwaje, na nani alikuwa karibu. Katika mechi nane timu ilifungwa mabao 14. Manane kati ya hayo yalifungwa baada ya dakika ya 65, na sita kati ya hayo manane yalikuwa ugenini. Nikarudi nyuma nikaangalia matokeo yalivyokuwa dakika ya 65 katika kila mechi. Katika mechi saba kati ya nane, timu ilikuwa inaongoza au iko sare. Iwapo refa angepuliza filimbi ya mwisho dakika hiyo kila wiki, tungekuwa na pointi 15, na leo tunazo 5.

Nilipoyasoma haya mbele ya mkutano, ukumbi wa shule tulioazima ulitulia kidogo, halafu kila upande ukadai takwimu hizo ni zake. Waliotaka kocha aondoke walisema: unaona, sub zake! Waliomtetea walisema: unaona, mbinu zake ziko sawa, timu inacheza vizuri zaidi ya saa nzima. Wote walikuwa wameshika kipande cha kweli. Kocha mbovu wa mbinu hapati matokeo ya dakika 65 mechi saba kati ya nane. Timu inayokufa kila wiki muda uleule ina tatizo la pumzi, na pumzi inatengenezwa mazoezini, Jumanne na Alhamisi.

Kwa hiyo nikafungua daftari la pili, la mahudhurio ya mazoezi. Mpaka Krismasi alama za vema zimejaa ukurasa. Kuanzia wiki ya pili ya Januari ukurasa unakuwa mweupe. Jumanne moja ya mwishoni mwa Januari walikuja wachezaji tisa, wawili kati yao makipa. Na wanaokosekana ni walewale: kiungo mkabaji, beki wa kulia, washambuliaji wote wawili.

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa walikuwa wapi. Januari hadi Machi ni wakati wa kuchuma tumbaku na kuikausha. Vijana wanakwenda Urambo, Kaliua, Sikonge, wengine mashamba ya wajomba zao, wengine vibarua. Bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, likishawashwa moto, moto huo unalindwa usiku na mchana kwa karibu wiki nzima, na kijana anayelala bani hawezi kuwa mazoezini saa kumi jioni. Anapanda gari Jumamosi asubuhi, anafika uwanjani macho mekundu kwa moshi, anavaa jezi. Dakika ya 65 mwili unamwambia ukweli.

Mzee mmoja wa tawi, ambaye amezishabikia timu za mkoa huu tangu enzi za Milambo na ambaye aliiona Rhino Rangers ikipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo, alisimama akauliza swali lililostahili kuulizwa mapema.

"Mwanangu, tumbaku haikuanza mwaka huu. Mwaka jana bani halikuwepo? Mbona mwaka jana walikuja mazoezini?"

Nilikuwa nimejiuliza hilohilo usiku uliotangulia na sikuwa na jibu la daftari. Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemtegemea. Mama lishe anayepikia timu alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alinyoosha mkono.

"Wazee wangu, mimi mpira siujui. Ila mwaka jana kila Jumanne na Alhamisi nilikuwa naletewa hela ya chakula cha vijana, wakimaliza mazoezi wanakuja kula, na wanapewa na nauli. Mwaka huu tangu Krismasi hakuna aliyeniagiza hata chai. Vijana wakipita kwangu wananiomba niwakopeshe. Sasa mtu aje mazoezini na njaa, au aende kwa mjomba wake akapate hela?"

Kamati ya utendaji ilikuwa mezani mbele. Hakuna aliyemjibu kwa muda.

Habari ilivyotoka baadaye, kidogokidogo, ni hivi. Posho ya mazoezi ilikuwa inatolewa na mfadhili. Desemba mfadhili alikwaruzana na mwenyekiti, posho ikakatika. Kamati ilijua. Kocha alijua pia. Lakini wiki baada ya wiki kijiwe kilipokuwa kinachemka kuhusu kocha, hakuna mjumbe hata mmoja aliyetoka kusema, "Jamani, vijana hawalipwi." Waliacha hasira itafute mtu, na hasira siku zote humkuta aliyesimama pembeni ya mstari. Hili ndilo jambo lililoniuma kuliko yote katika kisa hiki. Mashabiki wale wa bodaboda, wanaochanga mafuta kwa jasho lao, walikuwa wanabishana kwa uaminifu kabisa juu ya swali ambalo wenye jibu walikuwa wamelikalia.

Safari za ugenini zina hadithi hiyohiyo. Mwaka jana timu ilikuwa inasafiri siku moja kabla, inalala, inakula. Mwaka huu inaondoka asubuhi ya mechi kwa gari la kukodi, inafika imebaki saa moja, vijana wanakula maandazi na soda njiani. Mabao sita ya mwishoni yamefungwa ugenini. Sidhani kama yanahitaji maelezo mengine.

Na kuna Nzega. Siku ya mechi ya Nzega, kwa maelezo ya watu watatu waliokuwa ndani ya gari, orodha ya wachezaji wa kuanza ilibadilishwa njiani kwa simu. Mtu wa pesa alitaka kijana fulani aanze, na kocha akakubali. Kijana huyo hakuwa amefanya mazoezi wiki mbili. Alitolewa mapumziko tukiwa sare, nafasi ya kumbadilisha mtu mwingine ikawa imetumika, na mechi ikatuponyoka mwishoni. Kocha ambaye kikosi chake kimepangwa na mtu mwingine, baadaye utamhukumu kwa kikosi kipi?

Mpaka hapo utadhani ninamsafisha mwalimu. La. Yapo yaliyokuwa mikononi mwake kabisa, na hayo nayasema kwa uzito uleule.

Kati ya mabao 14, matano yalitokana na mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, na manne kati ya hayo ni kona zilizopigwa mlingoti wa karibu. Manne, mahali pamoja. Nimeyaangalia mawili kwenye simu ya shabiki na nimesoma maelezo ya mengine. Timu inakaba eneo: kila mtu amepewa sehemu yake ya boksi, na ile sehemu ya mlingoti wa karibu amesimamishwa mshambuliaji wetu mfupi, ambaye kwa haki kabisa haruki na mtu. Mpinzani wa kwanza aliligundua hilo kwa bahati. Wa pili alikuwa ameambiwa na wa kwanza, kwa sababu makocha wa ligi ya mkoa wanapigiana simu, wengi walikaa pamoja kwenye kozi za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, za daraja D na C. Wa tatu na wa nne walikuja wameshaandaa.

Kurekebisha kona hakuhitaji posho. Hakuhitaji wachezaji wote ishirini waje. Kunahitaji wachezaji sita, mipira miwili na nusu saa, na uamuzi wa kumtoa mfupi pale umweke beki wa kati, mfupi umpeleke kwenye mstari wa kumi na nane asubiri mpira unaorudi. Kocha alikuwa na wiki tano za kufanya hivyo. Nilipomuuliza ana kwa ana, alisema alikuwa amewaambia wamkabe mtu na si eneo, wakasahau. Kusahau mara moja ni kwa mchezaji. Mara nne ni kwa mwalimu.

Kuhusu sub, nadhani vijana walikuwa na haki nusu. Benchi lake ugenini mara nyingi lilikuwa na watu wanne, mmoja kipa. Hakuwa na wengi wa kuingiza. Lakini hao watatu angeweza kuwaingiza dakika ya 60, kabla moshi wa bani haujamaliza miguu ya wenzao. Kungoja 80 ukijua kwamba timu yako inakata upepo 65, huku daftari la msaidizi wako likikuambia hivyo kila wiki, ni kutosoma kazi yako mwenyewe.

Na yule winga. Ugomvi ulikuwa hivi: kijana alikosa mazoezi mara tatu mfululizo Januari, kocha akamwambia mbele ya wenzake maneno makali, kijana akajibu, kocha akasema hachezi mpaka aombe radhi. Kijana hakuomba. Ukiweka hili pembeni ya habari ya mama lishe unaona ukatili wake, hata kama hakukusudiwa. Kijana alikosa mazoezi kwa sababu ileile iliyowakosesha wengine saba, lakini yeye peke yake ndiye aliyeadhibiwa, kwa kuwa alikuwa na mdomo. Kwa umri wao wawili, kocha ana miaka ya kuwa baba mdogo wa kijana. Hapa kwetu mkubwa hamwombi mdogo radhi mbele ya watu, najua. Lakini mkubwa ana njia zake: anamtuma mzee, anamwita kijana nyumbani, wanakula pamoja, yanaisha. Hakutuma mtu.

Kosa lake la mwisho ndilo watu wengi walilisamehe upesi, na mimi silisamehi upesi. Alijua posho imekatika na akanyamaza. Alisema mkutanoni, "Sikutaka kuiaibisha klabu." Naheshimu moyo huo. Lakini kunyamaza kwake kuliwafanya vijana wabebe lawama ya uvivu kwa wiki nane, na kuliwaacha mashabiki gizani.

Baada ya saa mbili za maneno, mapendekezo yalibaki mawili mezani. La kwanza lilitoka kwa baadhi ya wajumbe wa kamati, na ninasisitiza kwamba lilitoka kwao: kocha aondolewe mara moja, msaidizi ashike hadi mwisho wa msimu. La pili lilikuwa langu: abaki mechi sita zilizosalia, kwa masharti yaliyoandikwa. Nililipinga la kwanza kwa sababu moja nyepesi. Msaidizi angeingia Jumanne akawakuta wachezaji tisa walewale, makipa wawili, na njaa ileile. Na baada ya mechi tatu tungekuwa hapahapa tunamjadili yeye. Tena klabu ingekuwa imemwadhibu mtu mmoja kwa deni la watu wengine, na kamati ingetoka mkutanoni mikono mitupu ya lawama.

Mmoja wa vijana waliokuwa wakali zaidi, dereva wa Kanyenye, alisimama akasema, "Mzee wangu, mimi nilikuja hapa nimtoe mwalimu. Sasa nataka kwanza nijue hela ya Jumanne iko wapi. Akishapata wachezaji akafungwa, hapo mtaniachia."

Wanachama walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Kocha alibaki, kwa tofauti ndogo kuliko nilivyodhani. Masharti yaliyoandikwa ni kwamba orodha ya wachezaji inapangwa na benchi la ufundi peke yake na inawekwa wazi usiku wa kuamkia mechi. Kwamba winga anarudi mazoezini na mzee wa tawi ndiye atakayewakutanisha. Kwamba kona zinafanyiwa kazi kila Alhamisi. Na kwamba kamati itasoma hesabu za posho mbele ya wanachama kila mwisho wa mwezi. Sharti hili la mwisho lilipata makofi kuliko yote, na lilipata sura ngumu kuliko zote mezani.

Wale vijana wa bodaboda walianzisha mchango wao wa Jumanne siku ileile. Si mkubwa, unatosha chakula, hautoshi nauli. Mama lishe anapika tena.

Mechi mbili zimechezwa tangu hapo. Ya kwanza, nyumbani, tulishinda 2-0, winga akiwa ametoa pasi ya bao la pili, na kona zote tatu za wapinzani ziliondolewa na beki wa kati akiwa mlingoti wa karibu. Ya pili, Urambo, tulifungwa 1-0 dakika ya 71. Kiungo mkabaji alikuwa ametoka bani alfajiri ileile. Kocha alikuwa amempumzisha dakika ya 58, mapema kuliko siku zote, lakini aliyeingia ni kijana wa miaka 17 na bao lilipita upande wake. Sikuona kosa la mwalimu pale. Wapo walioliona, na walinipigia simu kabla gari halijarudi mjini.

Hatari ya kushuka daraja bado ipo. Nimewaambia wanachama wazi ninavyofikiri: mechi nne zilizobaki hazitoshi kumpima mtu kwa matokeo, ila zinatosha kumpima kwa yale matatu yaliyo mikononi mwake, yaani kona, muda wa sub, na namna anavyoongea na vijana. Akiruhusu tena bao la kona ya mlingoti wa karibu, kwenye mkutano mkuu wa mwisho wa msimu nitanyoosha mkono pamoja na wanaotaka aondoke. Na kamati isiposoma hesabu za Machi, ajenda yangu ya mkutano huohuo itakuwa kamati.